Kodi Waliyoikataa: Hazina ya Wafanyabiashara wa Tabora Wakati wa Vita vya Mnywa Sere na Mirambo



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na vijana wetu wanafunzi. Wiki chache zilizopita, baada ya darasa la jioni hapa Mutakura, kijana mmoja wa sekondari alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Siku ile tulikuwa tumezungumza jinsi Uislamu ulivyofika pande hizi za ziwa pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani, wakapita Tabora, wakakaa Ujiji, na baadaye watu wao wakaingia Usumbura, mji ambao leo tunauita Bujumbura. Baba yake kijana huyo anauza vitenge sokoni, na kila asubuhi mtoza ushuru hupita na kitabu chake cha risiti. Akaniuliza: "Maalim, wale wazee walimlipa nani ushuru? Na vita vilipokuja, nani alilipia?"

Kwa kweli sikuwa na jibu tayari. Sisi walimu tunapenda kusimulia habari za masheikh, misikiti na safari ndefu, lakini hesabu za fedha hatuzigusi. Nikamwambia nitamtafutia jibu. Nimelipata, na si lote la kujivunia. Nalileta hapa ili na wazazi wasome.

Kwanza tuelewe mji wenyewe. Katikati ya karne ya 19, mahali panapoitwa leo Tabora palikuwa ndani ya nchi ya Unyanyembe, moja ya nchi za Wanyamwezi. Wageni wa mwanzo walipaita Kazeh. Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wa Oman na watu wa pwani wamejenga tembe zao kubwa, wana mashamba, watumwa wengi na maghala ya pembe za ndovu. Kutoka hapo njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kutoka Ujiji mitumbwi ilipanda hadi Uvira, hapo ng'ambo ya ziwa ambapo sisi tunapaona kwa macho siku ya anga safi. Burton na Speke nao walifika Uvira Aprili 1858.

Lakini nchi haikuwa ya wafanyabiashara hao. Ilikuwa ya mtemi. Wakati ule mtemi wa Unyanyembe alikuwa Fundikira, naye alikaa nao vizuri sana. Muhammad bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed ambaye watu wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Na Fundikira hakuwatoza kodi ya mali. Watu wa nchi walikuwa na wajibu wao kwa mtemi, lakini mgeni mwenye bunduki na nguo aliachwa. Bila shaka alipata zawadi zake na alipata soko mlangoni kwake, akaona yatosha.

Hapa msomaji atauliza: je, hawakuwa chini ya Sultani wa Unguja? Walikuwa, na hawakuwa. Sultani alikuwa na bendera na liwali huko bara, lakini fedha zake alizipata pwani, kwenye forodha. Forodha yenyewe hakuiendesha kwa mkono wake. Aliikodisha kwa nyumba ya biashara ya Kibaniani ya Jairam Shivji, nayo ikamlipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, ikakusanya ushuru na kubaki na faida. Kufikia mwaka 1865 kodi hiyo ilikuwa imefika takriban riale 310,000 kwa mwaka. Tena Sultani alikuwa amefungwa mikono na mikataba. Mkataba na Marekani wa 1833 na ule wa Uingereza wa 1839 ulimzuia kutoza zaidi ya asilimia 5 kwa bidhaa zilizoletwa na watu wa mataifa hayo. Kwa hiyo uzito uliangukia vitu vilivyotoka bara, na pembe za ndovu ndizo zilikuwa kubwa miongoni mwa vitu hivyo. Pembe iliyotoka Manyema ikapita Ujiji na Tabora ilikuwa inabeba hazina ya Unguja mgongoni.

Basi mfanyabiashara wa Tabora alilipa mara mbili. Pwani alilipa forodha, na njiani alilipa hongo kwa kila mtemi aliyepita nchi yake. Hongo ililipwa kwa nguo: merikani, kaniki, na nguo za rangi. Kipimo kilikuwa shuka, kama yadi mbili, na shuka mbili zikafanya doti. Baada ya nguo zilifuata shanga na nyaya za shaba.

Nataka msomaji asipite haraka hapa, maana ndipo penye siri ya habari yote. Nguo haikuwa bidhaa tu. Nguo ndiyo ilikuwa fedha. Pale Ujiji, Cameron alipofika mwaka 1874, aliwaona sokoni watu wenye mifuko ya shanga ziitwazo sofi, mfano wa vipande vya kiko kilichovunjika. Asubuhi walizibadilisha na shanga za aina nyingine kwa wale waliotaka kununua, na jioni wakazipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida yao mara zote mbili. Wanaovunja franka na dola hapa mjini wasidhani kazi yao ni mpya! Sasa, mji ambao fedha yake inaletwa vichwani na wapagazi kutoka pwani, mwendo wa miezi, njia ikifungwa hazina yake nayo imefungwa. Unaweza kuwa na pembe mia ndani ya ghala na usiweze kununua mtama.

Fundikira alifariki karibu na mwaka 1858, akatawala mwanawe Mnywa Sere. Huyu aliweka kodi juu ya bidhaa zote zilizoingia nchini mwake. Mwaka 1861 Speke alipita tena, akakutana na Mnywa Sere porini akiwa tayari ameshafukuzwa, na akayaandika maelezo yake. Kwa ufupi Mnywa Sere alisema: ni kweli baba yangu hakuwatoza, lakini hiyo si sababu ya mimi kutotoza, hasa kwa vile Waarabu ndio watu pekee wanaoishi katika nchi yangu bila kulipa chochote.

Mimi nimelisoma dai hilo mara nyingi na sioni kosa lake. Na hao waliokataa walikuwa Waislamu ambao sheria yao yenyewe inalijua jambo hili. Tunawafundisha watoto kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) ndiye aliyeweka utaratibu wa ushuru wa wafanyabiashara. Habari iliyopokewa ni kwamba Abu Musa al-Ash'ari alimwandikia kuwa wafanyabiashara Waislamu wakiingia nchi za wengine wanatozwa sehemu ya kumi, naye Umar akaamuru watu wa nchi hizo watozwe vivyo hivyo wakija kwetu. Ikawa sehemu ya kumi kwa hao, nusu yake kwa dhimmi, na robo yake kwa Muislamu. Hakuamuru vita kwa sababu Waislamu wametozwa ugenini. Alilichukua kuwa ni kawaida ya nchi.

Wafanyabiashara wa Tabora walichukua njia nyingine. Walimtumia Mnywa Sere ujumbe wa vitisho: ukitugusa tutakuondoa, na tutamweka ndugu yako Mkasiwa. Kisha wakafanya hivyo hivyo. Mkasiwa akawekwa, Mnywa Sere akakimbia na watu wake.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwageukia. Mnywa Sere hakwenda mbali. Alikaa porini upande wa mashariki, juu ya njia ya pwani, akawa anashambulia misafara. Speke alipofika Kazeh aliwakuta wafanyabiashara hawawezi kusonga. Wapagazi hawapatikani, chakula kimepanda bei, na watu waliokuwa wakiishi kwa biashara wamekuwa wakulima na wafugaji. Walimwomba Speke awasuluhishe na Mnywa Sere, akajaribu, ikashindikana kwa sababu Mnywa Sere alitaka kiti chake chote na wao hawakuwa tayari kumrudishia. Mwaka huo huo wa 1861 Snay bin Amir, mmoja wa wakubwa wa mji na mwenyeji wa Burton, aliuawa katika mapigano. Vita viliendelea hadi 1865 ndipo Mnywa Sere alipokamatwa na kuuawa.

Sasa nirudi kwenye swali la yule kijana: nani alilipia? Mji ule haukuwa na Baitul-mal. Palikuwa na matajiri wengi lakini hazina ya pamoja hapakuwa. Liwali, Said bin Salim al-Lamki, yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mwenye pembe zake na madeni yake. Ikija vita, kila tajiri alitoka na bunduki zake, baruti zake na watumwa wake. Mwenye kuona haina faida kwake alibaki ndani. Na baruti hizo hazikununuliwa kwa fedha taslimu. Bidhaa zote zilichukuliwa Unguja kwa mkopo kwa Wahindi wenye mitaji, na mwenye kuchukua kwa mkopo hapewi bei ya mwenye fedha mkononi. Kila mwezi njia ilipofungwa pembe zilikaa ghalani, na deni pwani halikungoja.

Na wengine walilipa kwa roho zao. Wengi waliopigana upande wa Waarabu walikuwa watumwa. Hawakuwa na pembe wala deni, wala kodi ya Mnywa Sere isingewagusa. Jambo hili halifai kufichwa kwa watoto kwa sababu tu wenye kuwamiliki walikuwa wanaswali kama sisi.

Miaka sita baada ya kufa Mnywa Sere likaja jambo kubwa zaidi. Magharibi ya Tabora alikuwa ameinuka Mirambo, mtemi wa Urambo, kijana wa miaka kama thelathini, mwenye jeshi la rugaruga. Nchi yake ilikalia njia ya kwenda Ujiji na pia ile ya kaskazini. Naye alijua thamani ya mahali alipokaa. Stanley alikuwa Tabora mwaka 1871 akielekea kumtafuta Livingstone, akaandika kwamba Mirambo aliuzuia msafara mmoja wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji, akataka marobota 5 ya nguo, bunduki 5 na mapipa 5 ya baruti. Wakalipa. Kisha akawaambia warudi walikotoka. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti na alipenda kutia chumvi, lakini hilo linakubaliana na yote tunayoyajua kuhusu Mirambo. Alilalamika kwamba Waarabu wanawahifadhi maadui zake na kumdharau. Na ukitazama alichokidai, ni nguo, bunduki na baruti: fedha ya nchi na silaha za jeshi. Hiyo ndiyo ilikuwa bajeti yake.

Waarabu wakafanya shauri la vita. Stanley anasema walitoka zaidi ya watu 2,000, yeye mwenyewe akiwemo. Agosti 1871 waliteka kijiji cha Zimbizo, kisha Soud bin Said akaenda na kikosi hadi Wilyankuru, wakapora pembe zaidi ya mia, marobota ya nguo na watu. Walipokuwa wanarudi wamelemewa na nyara, Mirambo akawavizia njiani. Soud akauawa na wengi pamoja naye. Jeshi lililobaki likatawanyika, kila mtu akakimbilia tembe yake. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora kwenyewe. Khamis bin Abdullah alitoka kumkabili pamoja na Waarabu wachache na watumwa wake wenye silaha, watumwa wakamwacha, akauawa. Sehemu ya mji ikachomwa, na pembe na ng'ombe wakachukuliwa.

Sisi wa Mutakura tuliokuwa hapa mwaka 2015 tunajua maana ya njia kufungwa. Si lazima risasi ifike mlangoni kwako. Vizuizi vikiwekwa barabarani siku chache tu, mwenye duka anahesabu alichobakiza na mwenye kuuza mboga hana pa kupitia. Wao walikaa hivyo miaka kadhaa.

Gharama ya kuzunguka nayo ilikuwa yake. Stanley alipoona njia ya Mirambo haipitiki aliondoka Tabora Septemba 1871 kwa njia ya kusini, akazunguka Ukonongo hadi Uvinza, kisha akaingia Buha, kwa jirani zetu hapa. Huko chifu mmoja aitwaye Mionvu alimtoza doti zaidi ya 70. Alipofika mbele kidogo akakuta mwingine anadai tena. Akaona atafika Ujiji mikono mitupu, basi akanunua kiongozi, akatoroka na msafara wake usiku kupitia porini, kuku na mbuzi wakinyamazishwa wasilie. Kwa mfanyabiashara aliyetakiwa kurudi kwa njia hiyo hiyo na pembe zake mwaka unaofuata, kutoroka usiku hakukuwa mbinu ya kudumu.

Unguja nayo ilitikisika. Sayyid Barghash alishika utawala Oktoba 1870 baada ya nduguye Majid kufariki, akakuta deni kubwa kwa nyumba ya Jairam. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja majahazi. Tarehe 5 Juni 1873 Waingereza wakamtia shinikizo akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao. Karafuu zimekwenda, ushuru wa watumwa umekwenda, na huko bara pembe zimezuiliwa. Barghash naye aliona lazima afungue njia ya Tabora. Akapeleka jeshi kubwa kutoka pwani. Askari hao walifika, wakahitaji kulishwa katika mji ambao tayari ulikuwa na njaa, wakubwa wao hawakuelewana na wakubwa wa Tabora, na mwishowe likarudi bila kumshinda Mirambo. Ndiyo kusema Sultani aliyekuwa hana fedha alitumia fedha nyingi, na njia ikabaki mikononi mwa yule yule.

Kilichofungua njia ni mazungumzo. Mirambo mwenyewe alitaka kuuza pembe zake pwani na kununua nguo na baruti, na vita vilimzuia yeye pia. Kufikia mwaka 1876 palikuwa na mapatano, na misafara ikapita nchini mwake kwa kulipa. Walipa hongo wakawa wale wale, au watoto wao. Baadaye Mirambo akaandikiana na balozi wa Uingereza Unguja, John Kirk, na wageni wengi waliopita kwake wakasifu usalama wa njia zake. Alifariki Desemba 1884.

Hapo Unyanyembe nako mambo yalirudi yalikoanzia. Mkasiwa alifariki mwaka 1876 akafuata Isike. Said bin Salim, liwali wa miaka mingi, aliondolewa mwaka 1878 na wenzake mwenyewe wakiongozwa na Abdallah bin Nasibu. Na Isike, ambaye ufalme wake ulitokana na kiti walichokiweka Waarabu ili wasitozwe, alianza kuwatoza. Wakati huu hawakuwa na nguvu ya kumwondoa. Waliomwondoa ni Wajerumani, Januari 1893, naye Isike akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake asikamatwe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1898, Wajerumani walianza kukusanya kodi ya nyumba kwa rupia, na tajiri wa tembe na mkulima wa kibanda wote wakatakiwa kulipa.

Nilimpa yule kijana haya yote kwa mdomo kabla sijayaandika. Alikaa kimya, kisha akauliza Mnywa Sere alikuwa na umri gani alipofukuzwa. Nikamwambia alikuwa kijana. Akasema, "Basi walidhani watamtisha."

Darasa lijalo, inshaallah, tutakwenda Ujiji kwa Mwinyi Heri na Muhammad bin Khalfan, yule Rumaliza, na tutaona kwa nini Mwami Mwezi Gisabo hakuwaacha waingie Burundi.

Wallahu a'lam.